Mhadhara Ulionyooka Hautoshi Kufundisha Fizikia

Wengi wetu hapa Tabora tumekua tukiamini kwamba mhadhiri akieleza fizikia kwa ufasaha, mwanafunzi makini ataelewa. Sivyo. Mwaka 1998 Richard Hake, mwanafizikia wa Marekani, alichapisha matokeo ya wanafunzi 6,542: madarasa ya majadiliano yalipata wastani wa asilimia 48 ya ongezeko la uelewa lililowezekana, ilhali yale ya mihadhara yaliishia 23. Video nayo, hata iwe safi namna gani, hufaa zaidi ikisimamishwa kabla ya jibu. Tuseme video inaonyesha embe lililorushwa juu; likiwa kileleni, ni kani gani inayolivuta? Wengi hujibu kwamba hakuna, hubishana na jirani, kisha picha zikiendelea mojamoja huona kasi ikibadilika kwa kiwango kilekile, kwa kuwa mvutano wa dunia haukukoma hata kidogo.