Chotara wa mbwa mwitu ni mnyama gani hasa, na ukiuziwa hapa Tanga utamtambuaje

Kuna picha zinazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya hapa Tanga, vitoto vya mbwa vya kijivu vyenye macho ya bluu, chini mtu kaandika chotara wa mbwa mwitu, mlinzi mkali, wahi vimebaki viwili, na watu wanauliza bei kabla hata hawajauliza huyo ni mnyama gani. Jamani hili jambo linaniuma, hela za watu zinapotea, wanyama wanateseka, na mtoto wa mtu anaweza kung'atwa, kwahiyo naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Kwanza tuelewane mbwa mwitu anayesemwa hapa ni yupi. Sio huyu wetu wa madoadoa mwenye masikio makubwa ya duara, yule anayezalishwa Mkomazi, hifadhi ambayo sehemu yake iko mkoa wetu. Huyu ana vidole vinne tu kwenye miguu ya mbele wakati mbwa ana vitano ukihesabu kile kidogo cha juu, ukoo wake na mbwa uko mbali, na hazai na mbwa wa nyumbani. Tena ni mnyamapori analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, ukikutwa naye bila kibali una kesi. Mtu akikwambia baba wa hiki kitoto katoka Mkomazi au Saadani, ama anakudanganya ama anakuingiza kwenye matatizo, na vyovyote vile achana naye.

Anayezaa na mbwa ni yule wa kijivu wa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Yule ni damu moja na mbwa kabisa, mbwa wote duniani kuanzia koko wa pale sokoni mpaka German Shepherd wametokana na mbwa mwitu wa kale zaidi ya miaka elfu 15 iliyopita, wote wana kromosomu 78, na wakikutana watoto wao nao wanazaa bila shida. Porini huku kwetu hayupo. Sasa chotara ni mnyama ambaye huyo wa kijivu yuko karibu kwenye ukoo wake, yaani ni mzazi wake au babu yake, sio babu wa miaka elfu 15 maana hapo kila mbwa angekuwa chotara. Watu wanahesabu kwa vizazi, mtoto wa mbwa mwitu na mbwa ni kizazi cha kwanza, huyo akizaa tena na mbwa ni cha pili, na kuendelea, na jinsi vizazi vinavyosogea ndo tabia ya porini inapungua. Ila zile asilimia anazokutajia muuzaji, sijui 75, sijui 90, ni hesabu za kwenye karatasi tu, kuanzia kizazi cha pili vitoto vya tumbo moja vinaweza kurithi viwango tofauti, mmoja katulia kama mbwa na ndugu yake haguswi.

Kuna aina mbili zinazojulikana rasmi duniani zenye vitabu vya ukoo, na historia yake inafundisha. Uholanzi miaka ya 1930 bwana mmoja anaitwa Leendert Saarloos alimzalisha German Shepherd na mbwa mwitu jike akitaka apate mbwa wa kazi mwenye nguvu zaidi, na alichopata ni mnyama mwenye aibu, anayekimbia wageni, hafai ulinzi. Czechoslovakia nao walianza mwaka 1955 chini ya Karel Hartl, wakitafuta mbwa wa walinzi wa mpakani, hao walifanikiwa kiasi ila kwa miaka mingi ya kuchagua na kufundisha, na bado ni mbwa mgumu kumfuga. Zingatia hapo, watu wenye jeshi, madaktari na mashamba ya kuzalishia iliwachukua miaka, halafu mtu wa Mikanjuni anakuuzia kitoto cha wiki 6 kama mlinzi wa kuanza kazi mwezi ujao.

Tuje kwenye kumtambua. Macho kwanza kwasababu ndo kitu kinachowadanganya wengi. Mbwa mwitu mkubwa hana macho ya bluu, ana ya njano, ya kaharabu au ya kijani kidogo. Vitoto vyake vinazaliwa na macho ya bluu kweli lakini yanabadilika vikiwa na miezi miwili mitatu hivi, kwahiyo mbwa wa mwaka mmoja mwenye macho ya bluu ya barafu, hayo ni macho ya Husky, mbwa wa kuvuta sleji wa nchi za theluji anayefanana na mbwa mwitu. Mkia nao, wa mbwa mwitu ni mnyoofu unaning'inia chini, ukiona umejikunja mgongoni kama wa Husky au kama wa koko wetu, hapo kuna mbwa mwingi sana. Pua na kucha zake ni nyeusi, ukikuta pua ya pinki au kucha nyeupe hiyo ni dalili ya mbwa.

Halafu mwangalie akitembea, hapa ndo penye siri na wauzaji wengi hawawezi kupafoji. Mbwa mwitu ana miguu mirefu kuliko unavyotegemea, kifua chembamba ukimwangalia kwa mbele, viwiko vimeingia ndani na nyayo kubwa zinaangalia nje kidogo, vidole viwili vya katikati virefu kuzidi vya pembeni. Akikimbia taratibu mguu wa nyuma unakanyaga pale pale ulipokanyaga wa mbele, kwenye mchanga wa ufukweni unaona mstari mmoja karibu. Masikio yake ni madogo ukilinganisha na kichwa, yamejaa manyoya ndani. Na rangi haiko ya kukatika, yaani ule uso wa Husky wenye kinyago cheupe na cheusi kilichochorwa safi kabisa haupo, unywele mmoja mmoja una mabaka ya rangi tofauti na zinachanganyikana taratibu. Kitoto cha mbwa mwitu kinazaliwa cheusi-kahawia kama matope, ukioneshwa kitoto cha wiki 6 cha kijivu kizuri chenye kinyago, jibu unalo.

Uliza na tarehe ya kuzaliwa. Mbwa mwitu anapandwa mara moja kwa mwaka, wakati wa baridi ya huko kwao, na anazaa mwezi wa 4 au wa 5. Mbwa anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka mwezi wowote. Mtu mwenye vitoto vipya kila baada ya miezi michache halafu anasema ni damu ya juu, yaani mbwa mwitu ndani yake ni mwingi, hesabu haiji. Hakuna alama moja inayotosha peke yake, hata wataalamu wakiangalia picha wanakosea, kinachothibitisha ni kipimo cha vinasaba na karatasi za ukoo.

Na karatasi ndo mtihani mwepesi kuliko yote. Mnyama kaingiaje nchini? Kuingiza mbwa yeyote kunataka kibali cha mifugo na cheti cha afya, na kwa chotara kuna kingine, mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyamapori unamhesabu pamoja na mbwa mwitu kama ana mbwa mwitu ndani ya vizazi vinne vya nyuma, na Tanzania ni mwanachama. Uingereza wao kizazi cha kwanza na cha pili unahitaji leseni chini ya sheria yao ya 1976 ya wanyama hatari. Kwahiyo muulize muuzaji karatasi zake. Akianza kusema kaka hizo baadaye, lipia kwanza, rudi nyumbani na hela yako.

Sasa tuseme ni wa kweli kabisa. Hapo mimi ndo nasema hapana kwa nguvu zaidi, kwa mtu wa pwani hii. Huyu mnyama ana manyoya tabaka mbili ya kuvumilia theluji, unamweka Ngamiani mwezi wa 2 kwenye joto la kupita nyuzi 30 na unyevu wa bahari, atahema mchana kutwa kama mvuvi anayepiga kasia dhidi ya upepo, na anaweza kufa kwa joto tu. Bora hata Lushoto kuna ubaridi. Halafu kuna kupe na homa zake, na ukienda kusini huko Pangani kuelekea Saadani kuna mbung'o, na ugonjwa wa nagana kwa mbwa wa kutoka nje ni mbaya sana, homa, macho yanaingia ukungu wa kibluu, anakonda ghafla na ukichelewa matibabu ndo basi. Mbwa wetu wa kienyeji wengi wamezaliwa kwenye hii hali, huyu hajui lolote.

Na ulinzi ni ile ya Saarloos, mgeni akija anajificha. Ukali wake unatokea pale usipoutaka, kwa kuku, kwa mbuzi wa jirani wanaotembea mtaani, kwa paka, na kwa mtoto mdogo aliyeanguka akalia maana kulia na kukimbia kunamwamsha ile silika ya kuwinda. Akifika mwaka mmoja na nusu mpaka mitatu anakomaa na tabia zinabadilika, yule uliyekuwa unambeba anaanza kukupima. Watu wengi wanashindwa hapo hapo. Uzio anaotaka ni wa kama mita 2.4 na wavu uliozikwa chini ardhini kwasababu anachimba na anapanda, na hawezi kukaa peke yake wala kufungwa mnyororo kutwa, anachanganyikiwa. Nyumba zetu zimebanana, watoto wanapita kwenda madrasa jioni, majirani wengi hawataki mbwa awarambe kwasababu ya swala zao na wana haki, sioni huyu mnyama anaishije hapo kwa amani.

Kama tayari unaye, usimfiche. Mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwambie ukweli ni nini umeuziwa, achanjwe kichaa cha mbwa na umhasi asizalishe wengine mtaani. Ujue tu kwamba Marekani kwa mfano hakuna chanjo ya kichaa iliyosajiliwa rasmi kwa machotara, wanapewa ile ya mbwa, na akimng'ata mtu mamlaka zinaweza kutomchukulia kama mbwa wa kawaida aliyechanjwa. Mlishe nyama na mifupa mibichi, ugali na dagaa peke yake havimtoshi. Maji na kivuli muda wote, mazoezi alfajiri na usiku jua likishazama, mtoto asiachwe naye peke yake hata dakika moja, hata kama anamjua toka yuko mdogo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakuhusu wewe mwenye mnyama.

Ukishindwa, usimwachie porini Amani wala usimtupe kwenye mashamba ya mkonge. Akiishi kule atazaa na mbwa wa vijijini na anaweza kupeleka magonjwa ya mbwa kwa wanyama wa hifadhi, kichaa na homa ya distemper vimeshaua mbwa mwitu wetu wengi Afrika Mashariki. Nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri waseme afanyweje.

Na akimng'ata mtu, awe chotara wa kweli au wa feki, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu siku hiyo hiyo kituo cha afya au hospitali ya Bombo kwa ajili ya chanjo, usisubiri kuona kama mbwa ataugua kwanza.