Kukloni diski ni nini, na kwa nini si sawa na kunakili faili

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniletea laptopu yake ya mwaka 2015, kaifunga kwenye khanga. Inachukua dakika tatu kuwaka, alisema, na wateja hawana subira. Nilipomwambia dawa yake ni kuitoa diski ya zamani (hard disk) na kuweka SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi zaidi, akaivuta laptopu upande wake. "Mwanangu, humo ndani kuna madeni ya watu. Yakipotea nakudai wewe."

Hofu yake ina msingi. Njia iliyozoeleka mitaani ni kuhamishia picha na nyaraka kwenye flashi, kupiga Windows upya, halafu kuanza kusaka programu moja moja. Picha zitarudi. Programu ya mauzo, iliyowekwa na kijana ambaye namba yake haipatikani tena, hairudi.

Kukloni ni kuihamisha diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye diski nyingine: sehemu ya kuwashia mashine, Windows yenyewe, programu, mipangilio, nywila zilizohifadhiwa, hadi ile picha uliyoweka kwenye skrini. Kazi ikiisha, unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, na kompyuta inawaka kama vile hakuna kilichotokea, ila sasa inakimbia.

Watu huniuliza: kwani nikichagua kila kitu nikakopi, si ni yale yale? Hapana. Kwanza, diski yenye Windows ya siku hizi ina vipande ambavyo huvioni unapofungua kompyuta. Kimoja ni patisheni ndogo, mara nyingi MB 100 tu, isiyopewa herufi kama C au D. Humo ndimo kompyuta inamotafuta maelekezo ya kuwaka. Ukikopi kila unachokiona, hicho hukukopi, na diski mpya itakaa kimya. Pili, programu haikai kwenye folda moja. Ile ya mama ilikuwa na sehemu yake kwenye Program Files, daftari la madeni kwenye folda iliyofichwa, na maelezo mengine ndani ya rejistri, ambayo ndiyo kumbukumbu ya Windows kuhusu nini kimewekwa wapi. Tena faili la madeni hubaki limefunguliwa muda wote programu ikifanya kazi, hivyo ukijaribu kulikopi unaambiwa linatumika. Chombo cha kukloni kinapita chini ya hayo yote. Hakiulizi faili linaitwaje. Kinasoma kilichoandikwa kwenye diski na kukiandika upande wa pili.

Vyombo vyenyewe vipo. Mimi hutumia Clonezilla, ambayo ni ya bure na huwashwa kutoka kwenye flashi, kwa hiyo Windows inakuwa imelala wakati diski inasomwa. Sura yake ni ya maandishi matupu na inawatisha wengi. Watengenezaji kadhaa wa SSD nao wana programu zao zenye vitufe vya kubofya, na kwa asiye fundi hizo zinatosha.

Diski ya mama ilikuwa ya GB 500 na SSD aliyoimudu ni ya GB 256. Inaingia? Inategemea kilichotumika, na yeye alikuwa ametumia GB 180. Vyombo vingi husoma sehemu zenye vitu tu na kuruka tupu. Ila Clonezilla kwa kawaida hukataa diski lengwa iliyo ndogo, kwa hiyo nilianza kwa kuipunguza patisheni ya C mpaka ikatosha. Niliiunganisha SSD kwa adapta ya USB 2, na hapo ndipo siku ilipokwenda: adapta hiyo kwa uhalisia hupitisha kama MB 35 kwa sekunde, na GB 180 ni karibu saa moja na nusu. Mama alikaa kwenye benchi muda wote huo akiitazama.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kukloni kinyumenyume. Chombo kinataka ukitajie chanzo na lengo. Ukivigeuza, diski tupu inaandikwa juu ya diski iliyojaa, na kwa dakika chache madeni yote yamesamehewa. Usitegemee majina ya "diski ya kwanza" na "ya pili". Tazama ukubwa na namba ya kiwandani iliyobandikwa. Clonezilla huuliza zaidi ya mara moja kama una uhakika, na mimi kila ikiuliza naisoma skrini kwa sauti. Wateja wanadhani naomba dua.

Kabla ya hayo kuna mambo mawili. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalolinda data, tafuta kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi, maana Windows inaweza kuudai ikiona mabadiliko. Na kama diski ya zamani inagonga au faili zinagoma kufunguka, isome afya yake kwanza. Diski inayokufa haifai kukloniwa kwa njia ya kawaida. Ipo programu iitwayo ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima na kurudia zile mbovu baadaye.

Ukimaliza, iwashe kompyuta mara ya kwanza ikiwa na diski mpya peke yake. Kloni hubeba hata alama ya utambulisho ya diski ya awali, na Windows ikikuta mbili zenye alama moja huizima mojawapo.

Usichanganye kloni na bakapu, yaani nakala ya akiba. Kloni haichagui: virusi vinahama navyo, na hesabu uliyokosea jana inahama na kosa lake. Wala haikupi Windows mpya. Kama ulikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, utabaki na Windows 10 hiyo hiyo, ila yenye mwendo.

Kuongeza RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, hakuhitaji lolote kati ya haya, kwa sababu RAM haihifadhi kitu umeme ukizimwa. Mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vingine, ndiyo yenye maneno: faili zitabaki salama kwenye diski, lakini leseni ya Windows mara nyingi huwa imefungwa na mazabodi ya mwanzo, na ukiibadili unaweza kudaiwa leseni upya.

Laptopu ya mama iliwaka kwa sekunde kumi na nane. Hakusema kitu. Alifungua programu ya mauzo, akaandika jina la mteja mmoja, akashusha miwani. Shilingi 240,000, mabati na misumari, bado hajalipa. Palepale akachukua simu akampigia.

Diski ya zamani niliitia kwenye bahasha, nikaandika tarehe, nikamwomba aitunze bila kuigusa walau mwezi mmoja. Siku ya thelathini na moja akanipigia kuuliza kama sasa anaweza kuifuta aweke video za harusi ya binti yake. Nikamwambia afute.