Simba Wanyika na Les Wanyika sio bendi moja

Kila watu wakianza kupanga bendi bora za zamani Nairobi lazima mtu aweke Simba Wanyika namba moja halafu aseme ni kwa sababu ya Sina Makosa. Jamani hapana, ule wimbo ni wa Les Wanyika, na hizi ni bendi mbili.

Simba Wanyika ilianzishwa Kenya 1971 na ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, vijana wa Tanga waliopitia bendi ya Jamhuri Jazz kule nyumbani. Sasa 1978 wanamuziki kadhaa wakajitoa, akiwemo Profesa Omari Shabani na lile gitaa lake la rhythm linalokushika roho, ndio wakaunda Les Wanyika na John Ngereza akaungana nao.

Naelewa mtu akichanganya, jina karibu moja, Kiswahili kilekile laini, na sauti ya Issa Juma unaikuta Les Wanyika halafu tena Super Wanyika, bendi nyingine kabisa. Ila Simba waliendelea wenyewe baada ya mgawanyiko, wana nyimbo zao, wana Shillingi, wana Pole Pole. Ukiwapenda wapigie kura kwa hizo, na Sina Makosa iwe kura ya Profesa na wenzake.