Gari lililolala wiki kadhaa: fungua boneti kabla ya kugusa ufunguo

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari linawaka lakini linatetemeka kama mtu mwenye homa, taa ya injini haizimiki, na sasa kuna harufu ya kuungua."

Mimi ni fundi wa magari hapa Tanga, na huyo alikuwa mteja wangu kwenye simu. Nikamwomba azime na asiguse tena ufunguo, nikapanda bodaboda hadi Makorora. Mama alikuwa amekwenda Pemba kuuguza. Gari lake, Toyota IST, lilikaa uani wiki sita, hatua chache kutoka banda la kuku.

Tulipofungua boneti tukakuta kiota juu ya injini: usumba wa nazi uliochambuliwa laini kama pamba, vipande vya sponji ya boneti, na punje za mahindi ya kuku. Sehemu ya ule usumba ilikuwa imeangukia bomba la ekzosi na kuanza kuwa nyeusi. Pembeni, waya mmoja wa nozeli, kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya injini, ulikuwa umeshikiliwa na nyuzi tatu tu za shaba, na plastiki yake ina mistari miwili miwili ya meno kama imepigwa patasi ndogo. Mtetemo ulitoka kwenye waya, harufu kwenye kiota. Angeendesha hivyo hadi Pongwe, naamini tungezungumza habari za moto.

Ndiyo maana nawasihi wateja wangu: gari likikaa, boneti kwanza, ufunguo baadaye. Tazama kwenye injini, fungua na boksi la filta ya hewa, maana panya hupenda kulala humo.

Panya hatafuni waya kwa njaa. Meno yake ya mbele hayakomi kukua maisha yake yote, kwa hiyo ni lazima ayasugue kwenye kitu, na plastiki ya waya ni laini. Kinachomleta ni chakula na kificho. Mfuko wa pumba karibu na gari, maembe yaliyooza chini ya mti, mchele uliomwagika kwenye buti, vyote vinamwita. Yule panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la milimita 6 hivi, ndiyo maana wavu wa kuku haumzuii.

Sasa matengenezo, na hapa ndipo naona watu wakiumizwa. Waya uliotafunwa hausokotwi kwa vidole ukafungwa tepu nyeusi. Hapa Tanga hewa ina chumvi ya bahari. Shaba ikikaa wazi huwa kijani, na ule ukijani hutambaa ndani ya plastiki mahali usipopaona. Mimi hutoa kwanza kichwa hasi cha betri, kisha nakata waya nikirudi nyuma hadi nikutane na shaba inayong'aa, hata kama ni urefu wa kiganja. Naongeza kipande cha unene uleule, nalehemu, navisha mpira mwembamba unaosinyaa ukipata moto, halafu napima umeme kwa mita. Waya mbili zilizosokotwa pamoja kiwandani zirudi zikiwa zimesokotwa vilevile, kwa sababu hupitisha mawasiliano ya kompyuta za gari. Za njano za mifuko ya hewa (airbag) usiziguse kama hukufundishwa. Na fyuzi ikikatika, usiweke kubwa zaidi: ikishindwa kukatika, waya ndio utakaoungua.

Huyu mama alikuwa ameshapitiwa na fundi mwingine aliyemwambia abadilishe waringi wote. Hakukuwa na haja. Waya zilizoharibika zilikuwa nne.

Kusafisha kunahitaji heshima. Mkoa wetu unakumbuka tauni ya Lushoto, ugonjwa unaoletwa na viroboto wa panya, iliyoanza mwaka 1980, na mwaka 2022 homa ya mgunda iliua watu Lindi. Mgunda huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Usifagie kinyesi kikavu wala usikipulize kwa upepo wa kompresa. Vaa glavu na barakoa, lowesha kwa maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, subiri dakika kadhaa, kisha futa kwa karatasi na uitupe. Jiki isiingie kwenye soketi za umeme. Filta ya hewa iliyokojolewa nunua mpya.

Sumu siipendi: panya hufia kwenye njia za kiyoyozi, na paka wa jirani akimla naye anaweza kufa. Dizeli ya kupulizia kwenye injini ni kualika moto. Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini, harufu yake huisha, na ndani ya gari inaumiza anayeivuta. Mtego uliotegwa sambamba na ukuta, karibu na tairi, unafanya kazi. Na gari liwashwe na kutembezwa walau mara moja kwa wiki, baada ya kuchungulia.

Nilimaliza magharibi. Taa ya injini ilizima, injini ikatulia. Mama akaita mjukuu wake, wakahamisha mahindi ya kuku kwenye pipa lenye mfuniko, kisha akaniuliza mitego inauzwa duka gani pale Ngamiani.