Makaburi ya Wayahudi ya Prague: yanayosemwa na yaliyo kweli

Picha za haya makaburi ya zamani yaliyo Prague, mji mkuu wa Czech, zinazunguka sana mtandaoni, mawe yamebanana yamelaliana kila upande, na maneno huwa yaleyale.

"Yametelekezwa." Hapana bwana. Eneo lenyewe dogo, liko ndani ya Josefov, mtaa wa zamani wa Wayahudi, likajaa na pa kwenda hakuna, na dini yao haitaki kaburi lifukuliwe (Waislamu hapa hamtashangaa). Sasa wafanyeje? Wakamwaga udongo juu, wakazika juu ya waliotangulia, halafu yale mawe ya chini wakayapandisha yakasimama pamoja na mapya. Inasemekana kuna sehemu tabaka zinafika 12, ndo maana ukiwa nje barabarani unaona ukuta mrefu na ardhi ya ndani iko juu kuliko wewe. Mawe yanayoonekana ni kama 12,000, yamejipanga kama abiria wa daladala saa ya kutoka kazini, ila usihesabu mawe ukadhani umehesabu maiti, waliolala pale ni wengi zaidi.

"Hao ndo waliouawa na Hitler." Jiwe la zamani kuliko yote ni la 1439, la rabi na mshairi Avigdor Kara, na mwisho wa kuzika ni 1787, baada ya Kaizari Joseph II kupiga marufuku kuzika ndani ya mji. Nadhani watu wanachanganya kwa sababu ukienda kutembelea unapitia kwanza sinagogi la Pinkas, na humo kuta zimejaa majina, karibu 80,000, ya Wayahudi wa Bohemia na Moravia (maeneo ya Czech ya leo) waliouawa na Wanazi. Wengi wao hawana kaburi popote.

Na yule mwandishi Franz Kafka je, kazikwa hapo? Hayupo. Alifariki 1924, yuko makaburi mapya ya Wayahudi, shukia metro ya Želivského.

Halafu Golem, yule mtu wa udongo wa kwenye hadithi, anayesemekana aliumbwa na Rabi Loew wa Prague. Rabi Loew ni mtu wa kweli, alifariki 1609, kaburi lake limechongwa simba na watu wanaacha vikaratasi vya maombi hapo, lakini hadithi ya kwamba ndiye aliyemuumba Golem ilikuja kushika kasi karne ya 19, miaka mia mbili na ushee yeye yuko kaburini.

Hii ifuatayo ndo mbaya kuliko zote. "Wazee wa Kiyahudi walikutana usiku kwenye makaburi ya Prague wakapanga kutawala dunia." Jamani, hiyo ni riwaya! Mjerumani Hermann Goedsche aliitunga ndani ya kitabu chake Biarritz, 1868, wakaja watu wakaichomoa hiyo sehemu wakaisambaza kama hotuba ya kweli ya rabi, ikaingia kwenye mkondo uleule wa uzushi uliozaa zile "Itifaki za Wazee wa Sayuni", hati ya uongo inayodai Wayahudi wana njama ya kutawala dunia, zilizochapishwa Urusi 1903. Gazeti la The Times la London lilionyesha tangu 1921 kwamba Itifaki ni za kughushi, zimenakiliwa kwingine, na bado mtu anakuforwadia leo na "soma mpaka mwisho" juu.

"Asiye Myahudi haingii." Unaingia, unakata tu tiketi ya Makumbusho ya Wayahudi. Usiende Jumamosi wala sikukuu zao, pamefungwa. Mwanaume funika kichwa, fuata njia iliyowekwa, usiegemee mawe kwa ajili ya selfi, na ukitaka kutoa heshima weka kijiwe, maua sio desturi yao. Tena cha kuchekesha, wanaokwepa makaburi ni baadhi ya Wayahudi wenyewe, wale wa ukoo wa makuhani, kwa sababu sheria yao inawakataza kukaribia maiti. Wakifa wanazikwa kama wengine, na utawajua kwa mikono miwili ya baraka iliyochongwa kwenye jiwe. Ukiona birika, huyo ni Mlawi, yaani wa kabila la Lawi, wasaidizi wa makuhani.