Doki ya laptopu kwenye Linux: chaji inaingia, kibodi inafanya kazi, monita giza tororo

Wakuu habari za saa hizi. Wiki hii nimepigiwa simu na watu watatu tofauti na wote wanasema kitu kilekile, "fundi nimenunua doki, nimechomeka kwenye laptopu yangu ya Linux, chaji inaingia, kibodi na mausi zinafanya kazi, mpaka intaneti ya waya ipo, ila monita zote giza", na kabla hata sijafungua mdomo mtu anamalizia mwenyewe, "nimeambiwa Linux haisapoti doki". Nani anawaambia sijui, mimi hapa natumia Ubuntu na doki kila siku, monita mbili mezani, na sijaigusa setingi yoyote toka mwaka jana.

Kazi yangu ni IT ya ofisi ndogondogo hapa Dar, nyingi zinatumia laptopu za mtumba zinazotoka Dubai na Uingereza, na doki nazo zinakuja kwenye mzigo huohuo, mara nyingi bila boksi, bila adapta yake, na waya wa asili ulishabaki hukohuko. Sasa shida inaanzia hapo, maana "doki" ni jina moja la vitu vitatu ambavyo kwa ndani havina undugu, USB-C ya kawaida, Thunderbolt na DisplayLink. Kwa nje ni kile kiboksi cheusi, poti nyuma, waya mmoja unaenda kwenye laptopu, muuzaji atakwambia zote ni sawa tu bosi wangu, na yeye wala hadanganyi, kwenye Windows anakoijaribia draiva inajishusha yenyewe kimyakimya kwa hiyo tofauti haionekani. Kwetu inaonekana.

Kwa hiyo kabla hujagusa draiva yoyote, chomeka doki, fungua taminali, andika lsusb. Utapata orodha ya vitu vilivyomo ndani ya doki. Ukiona 0bda:8153 hiyo ni kadi ya mtandao ya Realtek, keneli, yaani kiini cha Linux, inaijua kwa draiva ya r8152, ndo maana intaneti ya waya inakubali bila kuinstoli kitu. Wewe unachotafuta ni namba 17e9 mwanzoni mwa ID. Ukiiona hiyo doki yako ni DisplayLink, na hapo monita haziwaki mpaka uweke programu. Usipoiona basi mara nyingi doki yako ni USB-C ya kawaida au Thunderbolt, na hizo hazihitaji draiva ya ziada kabisa, narudia, kabisa, kwa hiyo kama monita hazionyeshi acha kutafuta draiva intaneti usiku kucha, tatizo liko kwingine. Na mara nyingi liko kwenye waya.

Waya huu umenipotezea muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Yule kijana wa kwanza aliyenipigia nilimkuta kachomeka doki kwa waya wa chaja ya simu. Ncha zote mbili USB-C, unaingia vizuri, laptopu inachaji, mausi inacheza, ungemshawishije kwamba waya ni mbovu? Na kweli sio mbovu, ila ndani yake una nyuzi za umeme na nyuzi mbili za USB 2.0 basi, zile jozi za kasi kubwa zinazobeba picha hazimo. Kibodi haihitaji kasi ndo maana inafanya kazi, picha haina pa kupita. Nilichomoa waya wa doki yangu kwenye begi nikamchomekea, sekunde tatu monita hizo zimewaka, akabaki ananiangalia kama nimemfanyia kiinimacho. Kuna watu wanapima kwa lsusb -t, kwamba ukiona 480M badala ya 5000M (kasi ya megabiti kwa sekunde) waya ni wa simu, ni dalili nzuri lakini usiifanye ndo hukumu, sababu naielezea hapo chini. Njia ya uhakika ni kujaribu waya mwingine unaojua unapitisha picha. Na poti ya laptopu nayo iangalie, sio kila USB-C inatoa picha, tafuta alama ya DisplayPort au ya radi pembeni yake, nyingine ni data na chaji tu na hapo hata ukibadili Linux mia hakuna kitu.

Haya, tuseme waya ni mzima na ni doki ya USB-C ya kawaida. Hii inatumia kitu kinaitwa DisplayPort Alt Mode, yaani kadi ya picha ya laptopu inatoa DisplayPort yenyewe kabisa kupitia ile poti, na ndani ya doki kuna chipu inayoigawa kwa monita mbili au tatu, huko kugawa kunaitwa MST. Linux inaiweza MST miaka mingi, iwe Intel iwe AMD, na hapa nina furaha ya kishabiki kidogo kwa sababu macOS mpaka leo hairuhusu MST itanue kwenye monita mbili tofauti, inarudia picha moja kwenye zote. Ukiandika xrandr, amri ya kuorodhesha monita, ukaona majina kama DP-1-1 na DP-1-2, hizo tarakimu za mwisho ni matawi ya MST, maana yake doki imeonekana na inagawa.

Sasa malalamiko ya doki hizi sio giza, ni "monita yangu ya 4K mausi inatembea kama ipo kwenye uji". Angalia xrandr, utakuta inaenda 30Hz, yaani picha 30 kwa sekunde, badala ya 60. Watu wanailaumu draiva, ila piga hesabu kidogo. Waya wa USB-C una njia nne za kasi. Doki nyingi zinazigawa nusu kwa nusu, mbili kwa picha, mbili kwa USB 3 ili flashi na diski ziende haraka. Laptopu za Intel kizazi cha 8, ambazo ndo zimejaa madukani, kila njia inabeba gigabiti 5.4 kwa sekunde, ukitoa gharama za usafirishaji njia mbili zinakuachia 8.64. Monita ya 4K kwa 60Hz inataka kama 12.5. Haiingii! Keneli inafanya la busara, inashuka 30Hz. Lakini monita mbili za Full HD kila moja inakula zaidi kidogo ya 3, jumla haifiki 7, zinakaa bila kubanana. Ndo maana mimi nawaambia wateja wachukue Full HD mbili waachane na 4K moja ya kujionyesha, labda kama laptopu ni ya kizazi cha 11 kwenda juu, hizo kila njia inabeba 8.1 na 4K inajipenyeza. Doki nyingine zinatoa njia zote nne kwa picha, 4K inapita vizuri, ila USB yote inarudi kwenye 2.0, na hapo ndo utaona 480M kwenye lsusb -t wakati waya hauna shida yoyote. Umeona kwa nini nilisema usihukumu haraka?

Kuna na ule ugonjwa wa laptopu kulala ikiamka monita moja haijarudi. Kwanza chomoa doki uchomeke tena, ikijirudia kila siku apdeti fimwea ya doki yenyewe, yaani programu iliyomo ndani yake. Andika fwupdmgr get-devices uone kama doki yako imo kwenye orodha, doki za kampuni kubwa kama Dell na Lenovo baadhi zimo, halafu fwupdmgr refresh na fwupdmgr update. Ila doki inakula umeme wa ukutani, haina betri kama laptopu, kwa hiyo kabla hujaanza angalia LUKU ina yuniti za kutosha, na kama mtaani kwenu umeme una mchezo weka kwenye UPS. Ukikatika katikati ya fimwea utakuwa na tofali jeusi zuri sana.

Thunderbolt nitapita haraka kwa sababu siku hizi inajimaliza yenyewe. Ina alama ya radi, toleo la 3 na la 4 linabeba gigabiti 40 kwa sekunde, na inapitisha PCIe, ile njia ya ndani ya kompyuta, moja kwa moja, maana yake kifaa kibaya kinaweza kusoma memori ya kompyuta yako, kwa hiyo kompyuta inaomba ruhusa kwanza. Kama doki inachaji ila vifaa vyake havionekani, hata kibodi haipo, andika boltctl list, ukiikuta haijaruhusiwa chukua ile UUID yake ndefu (namba ya utambulisho) uandike boltctl enroll halafu uibandike hapo, mara moja tu, inakumbukwa. Isipoonekana kabisa ingia BIOS, zile setingi za kabla Linux haijawaka, uone kama Thunderbolt imezimwa, laptopu za maofisini wanapenda kuizima.

Turudi kwa 17e9. DisplayLink, ambayo toka 2020 ni mali ya Synaptics, haitumii DisplayPort ya laptopu hata kidogo. Kompyuta inachora picha, prosesa inaibana, inaisafirisha kama data ya kawaida kupitia USB, chipu ndani ya doki inaifungua na kuirusha kwenye monita. Faida yake inafanya kazi hata kwenye USB ya zamani ile ya mstatili, na kwenye laptopu ambayo USB-C yake haitoi picha. Hasara, prosesa inafanya kibarua muda wote, ukifungua video skrini nzima feni inaanza kulia. Kwa eksel na barua pepe hutaona tofauti. Kama una hela ya kuchagua usichague hii, ila kama umeshainunua sio mwisho wa dunia.

Inahitaji vitu viwili, moduli ya keneli (kipande kinachoongezwa kwenye keneli) inaitwa evdi, hiyo ni huria, na programu ya DisplayLinkManager ambayo imefungwa. Synaptics wana hazina ya apt kwa ajili ya Ubuntu, pakua kile kifurushi chao kidogo cha .deb kinachoiongeza, halafu sudo apt update na sudo apt install displaylink-driver. Hakikisha linux-headers (faili za kujengea moduli) za keneli yako zipo maana evdi inajengwa hapohapo kwenye mashine yako kwa DKMS.

Na sasa Secure Boot, ule ulinzi wa kuwasha kompyuta unaofanya moduli isiyo na saini inayotambulika ikataliwe. Mteja wa pili kati ya wale watatu ni dada mmoja mhasibu, doki yake ni DisplayLink, nikainstoli kila kitu vizuri, Ubuntu ikaniomba niweke pasiwedi ya MOK (ufunguo wa kuhakiki saini za moduli), nikaweka, nikaristati, simu yangu ikaita nikatoka koridoni. Narudi, giza. Naandika sudo modprobe evdi, amri ya kupakia moduli, inanijibu "Key was rejected by service". Nikamuuliza, "dada, hapa hapakutokea skrini ya bluu?" "Ilitokea kaka, ikaandika kizungu kingi, nikadhani ni kirusi nikabonyeza Continue." Basi sikuwa na wa kumlaumu, simu ni yangu. Ile skrini ndo inasajili saini ya moduli, inakusubiri sekunde 10 tu, usipobonyeza inapita zake na evdi inabaki mgeni asiye na kitambulisho. Hakuna haja ya kuinstoli upya, andika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, weka pasiwedi fupi, ristati, na safari hii usiondoke kwenye kiti. Bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", pasiwedi, maliza. Kuna wanaozima Secure Boot kabisa kwenye BIOS, inafanya kazi pia, ila kwenye laptopu yenye hesabu za watu mimi sifanyi hivyo.

Vidogovidogo vya mwisho. Ukichomeka doki sauti ikapotea haijapotea, imehamia kwenye tundu la hedifoni la doki, nenda setingi za sauti uirudishe. Intaneti ya doki ikikatika kila baada ya muda na umeweka TLP, ile programu ya kuokoa betri, ingiza ile 0bda:8153 kwenye USB_DENYLIST ili isilazwe. Chaji ikienda taratibu angalia waya tena, waya wa ampea 3 mwisho wake ni wati 60, laptopu ikitaka zaidi lazima uwe wa ampea 5.

Jana yule dada kapiga tena, kaapdeti Ubuntu, keneli mpya imeingia, evdi imegoma kujijenga, monita giza. Nilikuwa kwenye daladala nimesimama, mkono mmoja bomba mkono mmoja simu, nikamwambia aristati, abonyeze Esc mpaka GRUB itokee, ile menyu ya kuwashia, aingie "Advanced options" achague keneli ya pili kutoka juu, sio mstari wenye "recovery mode". Kimya kidogo, namsikia anahesabu mistari kwa sauti. "Kaka, zimewaka zote mbili." Nikamwambia aendelee na hiyohiyo mpaka Synaptics watoe toleo jipya, na asiguse apdeti nyingine mpaka nipite ofisini Jumatatu.