Damu kwa mgonjwa wa moyo: dhana nne na ukweli wake

Katika wodi za Moshi na Arusha, ndugu wakiambiwa HB (kiwango cha damu, gramu kwa desilita) ya mgonjwa ni 7 huuliza: "Anaongezewa chupa ngapi?" Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, kwanza ujulikane ni ugonjwa gani.

Dhana: HB chini ya 10, lazima aongezewe.
Ukweli: Mgonjwa aliyelazwa na kutulia husubiriwa mpaka ashuke chini ya 7, mwenye ugonjwa wa moyo wa muda mrefu, chini ya 8. Namba haiamui peke yake. Kifua kikiuma, moyo ukienda mbio hata akiwa amelala, au damu ikiendelea kuvuja, hangojewi.

Dhana: Basi kusubiri ni salama kwa kila mgonjwa wa moyo.
Ukweli: Si kwa aliyepata shambulio la moyo. Mara nyingi mshipa wa moyo umeziba, na hata damu kidogo inayopita haina oksijeni ya kutosha. Utafiti wa MINT wa mwaka 2023 ulihusisha wagonjwa 3,504 wa aina hiyo. Waliosubiriwa hadi 7 au 8, asilimia 16.9 walifariki au kupata shambulio jingine ndani ya siku 30. Waliodumishwa kwenye 10 au zaidi, asilimia 14.5. Kitakwimu tofauti haikuthibitika, lakini tunaona inatosha kutomnyima damu mgonjwa huyu, mradi mapafu yake hayana maji.

Dhana: Chupa mbili kwa mpigo, apone haraka.
Ukweli: Hapa ndipo wagonjwa wanapoumia. Chupa moja hupandisha HB kwa takriban 1. Moyo uliochoka hushindwa kusukuma ujazo ulioongezeka, na maji hurudi mapafuni. Omba chembe nyekundu pekee. Damu nzima ina ujazo mkubwa zaidi. Toa chupa moja, kisha mpime upya kabla ya kuwaza ya pili. Mwendo wa tahadhari ni mililita 1 kwa kila kilo kwa saa: mwenye kilo 60 hupata mililita 240 kwa saa 4. Usivuke saa 4, kwani bakteria huweza kuzaliana kwenye damu iliyotoka kwenye friji. Kama haitaisha, benki ya damu iombwe kuigawa mapema. Pima presha, mapigo, upumuaji na oksijeni kabla ya kuanza, baada ya dakika 15, kisha kila saa. Akianza kukohoa, kuhema au presha ikipanda: funga dripu, mkalishe wima, mpe oksijeni, mwite daktari, mara nyingi atahitaji furosemaidi (dawa ya kutoa maji mwilini) ya mshipa. Dalili zaweza kuchelewa hadi saa 12, hivyo chupa isiyo ya dharura isianzishwe usiku.

Dhana: Juisi ya rozela na bitiruti inatosha.
Ukweli: Haizibi kidonda cha tumbo kinachovuja, wala haiondoi minyoo ya safura. Aliyepunguziwa maji ya kunywa, jagi la juisi humjaza miguu. Moyo ukiwa umeshindwa na madini ya chuma yako chini, vidonge husaidia kidogo sana. Muulize daktari kuhusu chuma ya mshipa. Na aspirini isiachwe bila ruhusa yake, hata kama choo ni cheusi (dalili ya damu kuvuja tumboni): nenda hospitali siku hiyo hiyo.